Kima Namba 766 na Hesabu ya Wanaotajwa



Mimi si daktari, wala sijawahi kushika sindano, nimechomwa tu. Ni mkutubi. Kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kuwatafutia watu makala. Siku hizi, zaidi ya kuzitafuta, ninazihesabu. Msimu wa kupandishwa madaraja ukikaribia, mlango wangu haufungwi. Mhadhiri anaingia na fomu mkononi, anavuta kiti, anasema, "Nihesabie." Hasemi nihesabu nini, na mimi siulizi. Anataka kujua ameandika makala ngapi, zimetajwa mara ngapi ndani ya makala za wengine, na ile namba moja ambayo kamati zinaipenda kuliko zote, faharisi ya h, imefika wapi.

Nimeombwa nizungumze juu ya namba hizo. Naona wengine mmekuja na madaftari, mkitumaini nitawafundisha namna ya kuzipandisha. Poleni. Kabla ya namba nataka tuingie msituni kwanza, karibu na Entebbe.

Mwaka 1936 Wakfu wa Rockefeller wa Marekani ulianzisha pale Entebbe taasisi ya kuchunguza homa ya manjano. Swali lililowasumbua watafiti lilikuwa hili: ugonjwa huu ukishatoweka kwa watu, unajificha wapi? Walishuku kwamba uko juu ya miti, baina ya kima na mbu. Basi katika msitu mdogo wa Zika, pembeni mwa Ziwa Victoria, walijenga majukwaa kwenye miti, wakapandisha vizimba, na ndani ya vizimba wakaweka kima wa jamii ya rhesus. Hao si kima wa kwetu. Asili yao ni Asia, na ndiyo sababu walichaguliwa. Kima wengi wa Afrika homa ya manjano huwapitia kimyakimya, lakini rhesus humwangusha. Kwa hiyo kima kizimbani alikuwa kengele. Akipata homa, watu wa chini wanajua juu kuna jambo.

Mwezi Aprili 1947 kengele ikalia. Kima namba 766 alipandisha joto. Walimtoa damu, wakawadunga panya wa maabara kwenye ubongo, panya wakaugua. Kirusi walichokipata hakikuwa cha homa ya manjano. Hakikuwa cha ugonjwa wowote waliokuwa wakiujua. Januari 1948 wakakipata tena, safari hii ndani ya mbu aina ya Aedes africanus walionaswa katika msitu uleule. Kirusi kikapewa jina la msitu.

Niseme neno moja juu ya jina hilo, maana najua masikio yenu yameshalikamata. Zika ni jina la Kiganda, na linatajwa kuwa na maana ya mahali palipofungwa na majani na vichaka. Halihusiani na kuzika kwetu. Lakini mimi, kila nikiisoma historia ya makala hiyo, Kiswahili hunichokoza.

Makala ilitoka 1952, London, katika jarida liitwalo Transactions of the Royal Society of Tropical Medicine and Hygiene. Kwa kweli zilikuwa makala mbili zilizofuatana. Ya kwanza iliandikwa na George Dick, Stuart Kitchen na Alexander Haddow. Ya pili na Dick peke yake, ikieleza tabia za kirusi chenyewe, ikiwamo jinsi kinavyoupenda ubongo wa panya. Ziliandikwa kwa utulivu, bila mbwembwe, kama watu wa wakati ule walivyoandika. Kisha jarida likafungwa, likawekwa kwenye rafu.

Huko rafuni zikakaa.

Sisemi hakuna aliyezigusa. Watu wachache wenye kazi ya virusi vya mbu walizijua na kuzitaja. Lakini hadi kufikia mwaka 2007, wagonjwa wa Zika waliokuwa wameelezwa katika maandishi yote ya kitabibu duniani walikuwa 14 tu, na karibu wote waliumwa kidogo: homa, vipele, viungo kuuma, siku chache wameinuka. Nani aandike juu ya ugonjwa kama huo? Mtafiti wa mwaka 1970 aliyekuwa na fedha ya kuchunguza kirusi kimoja tu asingekichagua hicho, na mimi simlaumu. Namba ndogo ya makala ile ilisema kweli juu ya siku zake.

Mwaka 2007 kirusi kikazuka katika kisiwa cha Yap, bahari ya Pasifiki, kisiwa chenye watu wapatao 7,000. Uchunguzi uliochapishwa miaka miwili baadaye ulikadiria kuwa karibu robo tatu ya wakazi wenye umri wa kuanzia miaka mitatu walikuwa wameambukizwa. Mwaka 2013 kikaonekana katika visiwa vya Polinesia ya Ufaransa. Mwaka 2015 kikawa Brazil, na madaktari wa kaskazini-mashariki mwa nchi hiyo wakaanza kupokea watoto wachanga wenye vichwa vidogo kuliko kawaida. Tarehe 1 Februari 2016 Shirika la Afya Duniani likatangaza hali ya dharura ya kimataifa.

Hapo ndipo rafu ilipotikisika. Kabla ya hapo makala zote juu ya Zika zilihesabika kwa mamia machache. Ndani ya mwaka mmoja au miwili zikawa maelfu. Na kila mwandishi, kabla hajaeleza lake, alihitaji sentensi moja ya mwanzo: kirusi cha Zika kiligunduliwa kwa mara ya kwanza mwaka 1947 nchini Uganda. Sentensi hiyo lazima iwe na rejea, na rejea yake ni Dick, Kitchen na Haddow, 1952. Makala iliyokuwa ikitajwa mara moja moja ikawa inatajwa kila siku.

Kurasa ni zilezile, na hakuna hata nukta iliyobadilika ndani yake. Kama makala ile ilikuwa na thamani 2016, ilikuwa nayo 1953. Kilichobadilika ni ukubwa wa umati uliokuwa nje ya mlango. Wanaochunguza mambo haya wana jina la makala za aina hiyo. Huziita warembo waliolala, kwa kufuata hadithi ya Ulaya ya binti mfalme aliyelala usingizi wa miaka mia. Mimi napenda zaidi kufikiria mbegu ya mbuyu. Lakini tusibishane kwa majina.

George Dick hakuuona umati huo. Alifariki 1997, miaka kumi kabla ya Yap. Haddow alikwisha kutangulia 1978. Dick alijulikana kwa mambo mengine: aliondoka Uganda, akawa profesa wa mikrobiolojia huko Belfast, na katikati ya miaka ya 1950 alijaribu chanjo moja ya polio yenye kirusi hai, akagundua kwamba kirusi kinachotoka kwenye choo cha watoto waliochanjwa kimerudi kuwa kikali. Jaribio likasimamishwa. Hebu nielezeni, kazi iliyozuia jambo baya lisitokee mtaihesabu kwa namba gani?

Sasa turudi kwenye fomu.

Mtu wa kwanza kuifanya hesabu ya kutajwa iwe biashara kamili alikuwa Mmarekani Eugene Garfield. Mwaka 1955 aliandika katika jarida la Science akipendekeza orodha itakayoonyesha kila makala imetajwa na makala zipi zilizoifuata. Wazo hilo aliliazima kwa mawakili. Tangu karne ya 19 mawakili wa Marekani walikuwa na orodha ya namna hiyo kwa hukumu za mahakama, kwa sababu wakili akisimama mbele ya jaji na hukumu ya miaka thelathini iliyopita lazima ajue kama bado inasimama au imeshapinduliwa. Mwaka 1964 Garfield akatoa orodha yake ya sayansi, Science Citation Index, vitabu vizito vyenye maandishi madogo kama mbegu za mchicha. Sisi wakutubi tulivipokea kwa furaha, nami sifichi. Ukiwa na makala moja nzuri mkononi, uliweza kwenda mbele kimiaka na kuona nani aliiendeleza, nani aliisahihisha, nani aliibomoa.

Angalieni kilichokusudiwa. Orodha ilikuwa njia ya kufuata wazo lilikokwenda. Haikuwa mizani ya kumpima aliyelitoa.

Mizani zilikuja baadaye, na ya kwanza haikuwa hata ya watu. Ilikuwa ya majarida. Chukua makala ambazo jarida limechapisha katika miaka miwili iliyopita, hesabu zimetajwa mara ngapi mwaka huu, gawanya. Basi. Mkutubi mwenye fedha kidogo akiitumia kuamua alipie jarida lipi, inamsaidia. Lakini tazameni hiyo miaka miwili. Makala ya Zika iliyotoka 1952 ingehesabiwa 1953 na 1954, kisha kwa kipimo hicho imekufa. Kutajwa kote kwa 2016 hakuliongezei jarida hata nukta moja. Na leo nimeona fomu za ajira zinazomuuliza kijana makala zake zimetoka katika jarida lenye kipimo gani, kana kwamba ukipanda basi zuri unakuwa dereva mzuri.

Mizani ya pili ndiyo ya watu. Mwaka 2005 mwanafizikia Jorge Hirsch wa San Diego alipendekeza faharisi ya h. Najua wengi wenu mnaitaja bila kujua inavyopatikana, kwa hiyo nitaieleza kwa samaki. Chukua makala zote za mtu, zipange kama mchuuzi wa ufukweni anavyopanga samaki wake mbele ya wateja, wakubwa mbele, wadogo nyuma. Anza kuhesabu. Wa kwanza ana kilo moja au zaidi? Ndiyo. Wa pili ana kilo mbili au zaidi? Ndiyo. Wa tatu, kilo tatu? Endelea hivyo. Ukifika mahali samaki wa kumi na moja hana kilo kumi na moja, simama. Faharisi ya mchuuzi huyo ni 10. Badala ya kilo weka mara ilizotajwa makala, umemaliza.

Ni kipimo chenye akili. Kinamkataa mtu mwenye dagaa elfu. Lakini kina upofu wake. Mchuuzi aliyerudi na papa mmoja wa kilo mia tatu, na hana kingine, faharisi yake ni 1. Angekuwa George Dick ameandika zile mbili za Zika tu maishani mwake, faharisi yake leo, baada ya dunia nzima kumtaja, ingekuwa 2. Isingeweza kuwa 3 hata Brazil nzima ingeandika. Hirsch mwenyewe, miaka kumi na mitano baadaye, aliandika kwamba kipimo chake kinaweza kupotosha vibaya na kimeleta madhara ambayo hakuyakusudia. Kamati hazikumsikia. Fundi akishauza panga, haulizwi tena limekata nini.

Mtasema nimechagua mfano mmoja wa ajabu. Basi tuangalie upande wa pili, wa makala iliyotajwa kuliko zote. Mwaka 2014 jarida la Nature lilitazama orodha hizo za kutajwa na kutoa makala mia moja zilizotajwa zaidi katika historia. Ya kwanza si ya penisilini, si ya Einstein. Ni ya Oliver Lowry na wenzake, ya mwaka 1951, inayoeleza namna ya kupima kiasi cha protini kwenye maji kwa kuangalia rangi ya buluu inavyokolea. Ilikuwa imetajwa zaidi ya mara 305,000. Ya pili na ya tatu nazo zinahusu kushughulikia protini. Sababu ni rahisi. Maabara yoyote ya baiolojia hupima protini, na kwa miongo mingi kila aliyepima alimtaja Lowry, kama ambavyo ungelitaja jiko kila ukipika wali. Lowry alikuwa mtu mkweli. Alikiri kwamba hiyo si kazi yake kubwa, ingawa kimoyomoyo umaarufu wake ulimfurahisha. Nani asingefurahi?

Ndani ya orodha hiyo ya mia moja, makala ya Watson na Crick ya mwaka 1953 juu ya umbo la DNA haimo. Jambo likishajulikana mno, watu huacha kumtaja aliyelisema. Hakuna anayeweka rejea akisema bahari ina chumvi. Kwa hiyo kuna makala zisizotajwa kwa sababu hakuna anayezijua, na kuna zisizotajwa kwa sababu kila mtu anazijua, na mashine ya kuhesabu huziweka kapu moja. Tena kuna zinazotajwa kwa kulaaniwa. Ile ya Andrew Wakefield ya 1998 katika The Lancet, iliyohusisha chanjo ya surua na usonji kwa kutumia watoto 12, ilifutwa na jarida lenyewe 2010. Imetajwa mara nyingi mno, wengi wakiitaja ili kuipinga. Mashine hujumlisha. Haijui kwamba jina lako linaweza kutajwa harusini na linaweza kutajwa polisi.

Sasa niwape kisa kinachonigusa mimi kama mtu wa Kusini mwa Tanzania.

Mwaka 1952 hadi 1953, uwanda wa Makonde, upande wa Newala, ulikumbwa na ugonjwa wa homa na maumivu ya viungo yaliyowafanya watu watembee wamejipinda. Wenyeji waliuita chikungunya, neno la Kimakonde lenye maana ya kitu kinachokunja. Daktari Marion Robinson alieleza dalili zake; W. H. R. Lumsden akaeleza jinsi ulivyoenea. Taarifa zao zilitoka 1955 katika jarida lilelile la Zika. Kirusi chenyewe kilitengwa Entebbe, katika taasisi ileile, na R. W. Ross akaandika juu yake 1956. Ni mtindo uleule: nusu karne ya utulivu wa kiasi, halafu mwaka 2005 na 2006 ugonjwa ukalipuka katika kisiwa cha Réunion na India, na kila mtu akakumbuka Newala.

Lakini tazameni walivyokumbuka. Makala kadhaa za kitabibu, tena katika majarida makubwa, ziliandika kwamba chikungunya ni neno la Kiswahili. Kiswahili! Mtoto yeyote wa Tandahimba, jirani ya Newala, angewasahihisha. Robinson aliyekuwa pale pale aliwasikia Wamakonde, akaandika ni Kimakonde. Aliyesema Kiswahili hakuisoma makala aliyoitaja; aliinakili rejea kwa jirani, jirani naye aliipata kwa jirani. Hii si dhana yangu tu. Mwaka 2003 watafiti wawili, Simkin na Roychowdhury, walifuatilia makosa ya uchapaji katika orodha za rejea: namba ya ukurasa iliyokosewa na mmoja, kisha ikarudiwa na wengine vilevile ilivyokosewa. Kutokana na hayo walikadiria kwamba ni kama mtu mmoja kati ya watano tu husoma makala anayoitaja. Makadirio yanaweza kubishaniwa. Kosa la Kimakonde kuwa Kiswahili mimi nimelishika kwa mikono yangu, na kila aliyelirudia alimwongezea Robinson kura moja kwenye hesabu. Kura ya mtu ambaye hakumsoma.

Upande mwingine wapo wanaosoma, wakatenda, na hawatahesabiwa kamwe.

Mwaka 2011 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha matokeo ya jaribio lililoongozwa na Kathryn Maitland, mwenye kituo chake Kilifi. Lilifanyika katika hospitali sita: Kilifi kule Kenya, Mulago, Mbale, Soroti na Lacor kule Uganda, na hapa kwetu, Teule, Muheza. Swali lilikuwa la kila siku wodini. Mtoto ameletwa na homa kali, mikono baridi, damu haizunguki vizuri. Je, apewe maji mengi ya dripu kwa haraka? Miongozo ilisema apewe. Vitabu vilisema apewe. Jaribio lilikusudia watoto 3,600, likasimamishwa kabla ya muda lilipofikisha 3,141, kwa sababu waliokuwa wakitazama takwimu waliona jambo ambalo hawakulitarajia. Waliopewa maji kwa haraka walikufa zaidi. Ndani ya saa 48, karibu asilimia 10.6 ya watoto waliopewa maji walifariki, na katika kundi ambalo halikupewa ni asilimia 7.3. Hesabuni wenyewe: kwa kila watoto elfu moja, vifo zaidi ya thelathini vilivyoletwa na mkono uliotaka kusaidia.

Makala hiyo imetajwa sana, na imegombewa sana, hasa na madaktari wa nchi tajiri wenye mashine za kupumulia ambazo Soroti haikuwa nazo. Kwa namba haina njaa. Lakini mtumiaji wake mkubwa ni nani? Ni muuguzi wa zamu ya usiku, amebaki na watoto arobaini, anaifungua dripu kisha anasita, anaipunguza. Yeye haandiki makala. Hajui Garfield ni nani. Mtoto akiamka asubuhi akaomba uji, hakuna orodha popote inayopanda kwa moja. Katika fani ya afya msomaji wa maana zaidi mara nyingi ndiye asiyeandika, na hesabu zetu zinasikiliza wanaoandika tu.

Na kabla ya msomaji kuna watu wa nyuma ya makala. Haddow alikuwa na shauku ya kunasa mbu kwa saa ishirini na nne mfululizo, jukwaa moja juu ya jingine, ili ajue kila aina ya mbu huuma saa ngapi na kwenye kimo gani. Baadaye mnara wa chuma wa futi 120 ulisimamishwa Zika kwa kazi hiyo. Huko juu, gizani, hawakukaa maprofesa. Walikaa vijana na watu wazima wa Uganda, mguu nje, chupa mkononi, wakimsubiri mbu atue juu ya ngozi yao. Majina yao hayamo chini ya kichwa cha makala. Hakuna kati yao mwenye faharisi ya h, ingawa alitoa damu.

Sasa, nisije nikaeleweka vibaya. Kuna wenzangu wanaosema tuzitupe namba zote, ni mizani ya wageni, turudi kwenye kuwapima watu kwa kuwajua. Mimi nimekuwapo enzi za kupimwa kwa kujuana. Nazikumbuka kamati ambazo mtu alipanda kwa sababu alisoma darasa moja na mwenyekiti, na binti mwenye makala nzuri akaambiwa asubiri, bado mdogo. Siku binti huyo alipoweza kuweka mezani karatasi yenye hesabu ya kutajwa kutoka nchi asizowahi kufika, mwenyekiti alikosa la kusema. Namba ilimtetea. Ndiyo maana sijiungi na wanaozilaani. Waliokutana San Francisco Desemba 2012 na kutoa azimio lao la kukataa kupima watu kwa kipimo cha majarida nao hawakusema msihesabu. Walisema someni kazi yenyewe.

Kusoma kunachukua muda, hapo ndipo ugomvi ulipo. Mwalimu mmoja wa uuguzi, simtaji jina, wala chuo kilichompima sikitaji, na si hiki, aliniletea fomu yake. Makala tano, nyingi katika majarida ya ukanda huu ambayo mashine kubwa za ng'ambo hazihesabu. Moja ilikuwa juu ya namna ya kumtazama mtoto mwenye shida ya kupumua mahali ambapo mashine ya oksijeni ni moja na watoto ni watatu. Niliisoma usiku mmoja nikashindwa kulala. Faharisi yake ilikuwa 2. Niliandika 2, kwa sababu ndiyo kweli, kisha nikaambatisha ukurasa mmoja kueleza mashine imehesabu majarida yapi na haikuhesabu yapi, na makala yenyewe nikaibana nyuma. Fomu ikarudishwa kwangu na karatasi ndogo ya njano: "Viambatisho havihitajiki. Jaza namba tu."

Karatasi hiyo ninayo. Naitumia kushikia ukurasa.

Ukurasa wenyewe ni wa 509, juzuu la 46, mwaka 1952. Makala ya kwanza ya Zika inaanzia hapo na kuishia ukurasa wa 520. Ni kurasa kumi na mbili tu. Nimetoa nakala thelathini, ziko pale kwenye meza ya mlangoni karibu na birika, na kwa aliyetoka Kusini nimeweka na Robinson wa 1955. Sina nakala za kumtosha kila mtu, kwa hiyo msomaji mmoja amgawie mwenzake. Chai iko tayari.